Shahidi wa Kweli: Bwana Thayer na Maisha ya Beethoven

Mara nyingi kanisani twaimba wimbo bila kujua ni nani aliyeutunga. Tukiuliza, mmoja hujibu kwamba ulitungwa na padri fulani wa zamani, wa pili hujibu kwamba ni wa mwalimu fulani wa misioni, wa tatu husema ni wimbo wa wazee tu. Wote watatu husema kwa nguvu sana, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo kuzungumza juu ya kitabu kimoja kikubwa cha ng'ambo na juu ya mtu aliyekiandika. Mtu huyo alisomea sheria, lakini karibu miaka hamsini ya maisha yake aliitumia kutafuta jambo moja: maisha ya mtunga muziki Ludwig van Beethoven yalikuwaje kweli.

Jina lake ni Alexander Wheelock Thayer. Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1817 huko South Natick, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alisoma chuo cha Harvard akamaliza mwaka 1843, akafanya kazi kwa muda katika maktaba ya chuo hicho, kisha mwaka 1848 akapata shahada ya sheria. Kwa desturi, kijana wa namna hiyo angefungua ofisi, akatetea watu mbele ya hakimu na kujenga nyumba nzuri. Yeye mwaka 1849 alipanda meli akaenda Ujerumani, mji wa Bonn, kujifunza Kijerumani na kuulizia habari za mtu aliyekwisha kufa miaka ishirini na miwili nyuma.

Beethoven na watu wa sheria

Beethoven wengi wetu twamjua kwa jina. Alibatizwa Bonn tarehe 17 Desemba 1770 katika parokia ya Mtakatifu Remigius, akafa mjini Vienna tarehe 26 Machi 1827, siku mbili baada ya kupokea sakramenti za mwisho. Alitunga simfonia tisa, nazo ni kazi kubwa za vyombo vingi vinavyopigwa pamoja, na Misa mbili. Alipokuwa bado kijana masikio yake yalianza kuziba, na mwishoni alikuwa kiziwi kabisa, lakini hakuacha kutunga. Hapa Kongo pia muziki wake wasikika: wenzetu wa Kanisa la Kimbangu huko Kinshasa walianzisha orkesta yao mwaka 1994, na simfonia ya tisa ya Beethoven wameipiga na kuiimba mbele ya watu.

Wenye elimu ya muziki humweka Beethoven mlangoni pa watungaji wanaoitwa Waromantiki, yaani watungaji wa karne ya 19 waliotaka muziki useme wazi mambo ya ndani ya moyo: hamu, hofu, furaha na huzuni. Ni ajabu kuona jinsi watu wa sheria walivyo wengi katika habari hii. Aliyetangulia kumwita Beethoven Mromantiki kwa maneno yenye sifa kubwa alikuwa E.T.A. Hoffmann, mtu wa mahakama aliyekuwa baadaye hakimu mjini Berlin. Aliandika juu ya simfonia ya tano mwaka 1810. Robert Schumann alipelekwa Leipzig mwaka 1828 kusoma sheria, akaiacha kwa ajili ya piano. Tchaikovsky wa Urusi alimaliza shule ya sheria mwaka 1859 kabla ya kujitia katika muziki. Watu hao waliiacha sheria ili watunge. Thayer hakutunga kitu. Aliichukua sheria, pamoja na desturi zake zote za kuuliza na kupima, akaingia nayo katika nyumba ya muziki.

Alivyoanza kazi

Thayer hakukusudia kwanza kuandika kitabu kipya. Vilikuwapo vitabu viwili vya watu waliomjua Beethoven kwa macho: kimoja cha mganga Wegeler na mwanafunzi Ries, cha mwaka 1838, na kimoja cha Anton Schindler, aliyekuwa karani wake, cha mwaka 1840. Nia ya Thayer ilikuwa kuvipatanisha kwa Kiingereza ili watu wa kwao wavisome. Lakini alipoviweka pamoja aliona havikubaliani. Huyu asema mwaka huu, yule asema mwaka mwingine. Huyu asema ndugu za Beethoven walikuwa watu waovu, na karatasi za wakati ule hazionyeshi uovu huo. Mtu mwingine angechagua hadithi iliyo tamu zaidi. Thayer alifanya kama hakimu aliyeletewa mashahidi wawili wanaopingana: aliahirisha hukumu, akatoka kwenda kuchungulia mwenyewe mahali pa tukio.

Kazi hiyo ilimtesa. Fedha zilimwishia akarudi Marekani, akaandika katika gazeti la New York apate riziki. Mwaka 1854 alikwenda tena, akarudi kwa ugonjwa na umaskini. Mwaka 1858 alivuka bahari mara ya tatu kwa msaada wa rafiki, na tangu hapo akakaa Ulaya. Alikwenda huku na huku, Bonn, Berlin, Vienna, London, akiwatafuta wazee waliomwona Beethoven kwa macho yao. Mwaka 1860 Anselm Hüttenbrenner, aliyekuwapo chumbani Beethoven alipokata roho, alimwandikia Thayer habari za saa ile, jinsi radi ilivyopiga na mgonjwa akainua mkono. Hüttenbrenner alikuwa amekwisha kuwa mzee; kama Thayer angechelewa miaka michache, ushuhuda huo ungeingia kaburini. Wakati wa Rais Lincoln serikali ya Marekani ilimteua kuwa konsuli wake katika mji wa bandari wa Trieste, akaishika kazi hiyo hata mwaka 1882. Mchana alishughulika na meli na barua za serikali, na muda uliobaki alimpa Beethoven.

Buku la kwanza lilitoka mwaka 1866, la pili 1872, la tatu 1879. Thayer aliandika kwa Kiingereza, lakini kitabu kilitoka kwa Kijerumani, kimefasiriwa na Hermann Deiters, naye pia alikuwa amesomea sheria. Alipenda kisomwe kwanza na watu wa nchi yenyewe, wenye kuzijua njia, nyumba na koo zilizotajwa, ili wamsahihishe palipo na kosa. Aandikaye sifa za uongo hupenda kusomwa mbali na wanaojua.

Kitabu cha ubatizo

Tutoe mifano, kwa kuwa mwandishi wa namna hii hujulikana kwa kazi yake na si kwa maneno yetu.

Mfano wa kwanza ni umri wa Beethoven. Yeye mwenyewe aliamini kwamba amezaliwa mwaka 1772. Baba yake alikuwa amemtangaza mbele ya watu kuwa mdogo kuliko alivyokuwa, kwa kuwa mtoto mdogo apigaye kinanda vizuri huwashangaza wasikilizaji zaidi. Mwaka 1810 Beethoven alihitaji cheti cha ubatizo, akamwomba rafiki yake Wegeler amletee. Cheti kilipokuja kikisema 1770, hakukiamini. Alidhani ni cha ndugu yake mkubwa aliyeitwa pia Ludwig, akafa mchanga. Thayer alilitatua shauri hili kwa vitabu vya parokia. Yule ndugu, Ludwig Maria, alibatizwa tarehe 2 Aprili 1769 akaishi siku sita tu. Yule wa tarehe 17 Desemba 1770 ni mtunga muziki mwenyewe. Basi kitabu cha ubatizo kilijua umri wa Beethoven kuliko Beethoven.

Wasomaji wetu watuwie radhi tukikaa kidogo hapa. Katika parokia zetu wako wanaodhani kuandika majina katika kitabu cha ubatizo ni kazi ya karani tu, na tena karani anayeharakisha. Padri au mwalimu yule wa Bonn aliyeandika mistari michache kwa Kilatini hakujua kwamba ameandika ushahidi utakaotafutwa na mtu kutoka Marekani baada ya miaka themanini. Aliandika sawasawa kwa sababu ndiyo kazi yake. Uaminifu wa mtu mdogo ulimfaa mwenye elimu kubwa.

Mfano wa pili ni habari ya baba. Johann van Beethoven alikuwa mwimbaji katika kwaya ya mtawala wa Bonn, aliyekuwa pia Askofu Mkuu wa Cologne. Alishindwa na pombe. Mke wake alikufa mwaka 1787, na nyumba ikaharibika. Mwaka 1789 Ludwig, kijana wa miaka kumi na minane, alimwandikia mtawala akiomba kwamba nusu ya mshahara wa baba apewe yeye, apate kuwalea wadogo zake. Ombi likakubaliwa. Thayer aliileta hati hiyo mbele ya wasomaji. Hakumtukana baba wala hakumfunika. Alionyesha karatasi, na sisi tusomao twaona wenyewe aibu ya baba na mzigo wa mtoto. Tena alionyesha pia kazi ambayo mzee huyo aliifanya vema kabla ya kuanguka, maana mlevi pia ana haki ya kusikilizwa.

Mfano wa tatu, nao kwetu ni mkubwa kuliko yote, ni ndugu wawili wa Beethoven, Karl na Johann. Schindler alikuwa amewaeleza kuwa wachoyo waliomnyonya ndugu yao. Dunia yote ikasadiki, kwa kuwa watu hupenda kusikia kwamba mtu mkuu alisumbuliwa na jamaa wabaya. Thayer aliuliza: nani aliona? Lini? Schindler alikuwa na kisa gani na watu hao? Akapima barua, hesabu na tarehe, akawatetea wale ndugu wawili. Hawakuwa watakatifu, lakini mengi waliyoshtakiwa hayakuwa na shahidi. Wafu hawawezi kusimama kujitetea. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia mtu uongo, wala haikusema kwamba mtu akifa twaweza kumsingizia.

Wasomi wawili wa sheria

Hapa tumefika penye jambo ambalo Thayer mwenyewe hakuishi kuliona lote. Schindler naye alisomea sheria. Alijifunza huko Vienna, akafanya kazi katika ofisi ya wakili Bach, ndiye wakili aliyemtetea Beethoven barazani. Basi waandishi hawa wawili, Schindler na Thayer, walitoka katika shule ya namna moja.

Beethoven alipokuwa kiziwi, tangu mwaka 1818, rafiki zake walimwandikia maneno yao katika vijitabu, naye akawajibu kwa mdomo. Alipokufa, Schindler alivichukua vijitabu hivyo, na mwaka 1846 akaviuza kwa Maktaba ya Mfalme huko Berlin. Vijitabu zaidi ya mia moja vimebaki mpaka leo. Mwaka 1977 wataalamu wa Berlin walionyesha wazi kwamba maneno mengi yaliyo kwa mkono wa Schindler aliyatia yeye mwenyewe baada ya Beethoven kufa. Alijiandikia mazungumzo yasiyokuwapo, aonekane alikuwa rafiki wa siku nyingi na kwamba Beethoven alimweleza siri za muziki wake.

Schindler hakuwa mgeni wala adui. Alimtumikia Beethoven kwa kweli, alimwuguza katika ugonjwa wake wa mwisho. Alimpenda. Lakini alitaka mapendo yake yaonekane makubwa kuliko yalivyokuwa, na kwa ajili hiyo akaharibu kisima ambacho wote walipaswa kunywa. Waliokuja baada yake wakapiga piano kwa mwendo fulani, wakafundisha wanafunzi, wakaandika vitabu, wakitegemea maneno ambayo Beethoven hakuyasema. Kumbe elimu ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa shahidi mwema. Yule aliyejua namna ya kupima ushahidi ndiye pia aliyejua namna ya kuutengeneza. Thayer alimshuku Schindler katika mambo mengi, wala hakuwa na vyombo vya kugundua ujanja huo wote. Lakini kwa kuwa hakupenda kumwamini shahidi mmoja pekee, sehemu kubwa ya kazi yake ilisimama hata baada ya mwaka 1977.

Makosa ya kitabu

Tukimsifu Thayer bila kutaja makosa, tutakuwa tunafanya kama Schindler. Makosa yako, nasi twaona matatu.

La kwanza: kitabu chake hakikufika mwisho. Mabuku matatu aliyoyatoa yaishia mwaka 1816, na Beethoven aliishi mpaka 1827. Misa yake kuu, aliyoianza mwaka 1819 kwa ajili ya Askofu Mkuu Rudolph wa Olmütz akaimaliza mwaka 1823, imo katika miaka ambayo Thayer hakuitoa. Na zaidi ya hayo, mwezi wa Novemba 1815 Karl, ndugu wa Beethoven, alikufa, akaacha mtoto. Hapo ndipo lilipoanza shauri la kuhuzunisha la Beethoven na mjane, kila mmoja akitaka mtoto awe wake. Shauri hilo lilikwenda baraza hili na baraza lile mpaka mwaka 1820, na ndani yake Beethoven aonekana mkali, mwenye kumwonea mwanamke. Basi msomi wa sheria, aliyechambua kila jambo, alisimama mlangoni pa mahakama. Ugonjwa wa kichwa ulimzuia. Kazi ya Beethoven ikimchukua muda kidogo tu, maumivu yalimjia. Wengine wamedhani kwamba pia moyo wake ulikataa kumwona mtu aliyempenda akiwa katika hali ile. Sisi hatuwezi kuhukumu moyo. Twasema tu kwamba kitabu kilikatika mahali pale pale ambapo msomaji alimhitaji mno hakimu asiyependelea. Thayer alikufa Trieste tarehe 15 Julai 1897. Deiters, na baada yake Hugo Riemann, waliimaliza kazi kwa karatasi zake mwaka 1908, na kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1921. Mwenyewe hakukiona kitabu chake kwa lugha aliyokiandikia.

Kosa la pili: katika jambo moja alijipinda. Iko barua ya mapendo ya Beethoven, isiyo na jina la mwanamke wala mwaka, ila yataja Jumatatu tarehe 6 Julai. Thayer aliikataa vizuri hadithi ya Schindler juu ya barua hiyo. Lakini yeye naye alikuwa amekwisha kumchagua mwanamke aliyemdhania, akapenda mwaka 1806. Na kwa kuwa mwaka ule tarehe 6 Julai haikuwa Jumatatu, akasema Beethoven alikosea tarehe. Waliokuja baadaye waliifuata kalenda bila kuigeuza, wakaona ni mwaka 1812. Tazameni, wasomaji, jinsi hakimu mwangalifu alivyomwambia shahidi wake kuwa amekosea siku, kwa sababu tu siku hiyo haikufaa hukumu aliyoitaka. Likimpata Thayer, litatupata na sisi.

Kosa la tatu wengine hawataliita kosa. Thayer aliacha kwa kusudi kueleza muziki wenyewe. Alitaka kueleza mtu na siku zake tu. Msomaji aweza kumaliza mabuku mazima, akajua kodi ya nyumba ya Beethoven na majina ya jirani zake, asijue kwa nini simfonia ya tano yatetemesha watu. Sisi tulio katika kazi ya kufundisha nyimbo twaona upungufu hapa. Maisha ya fundi bila kazi yake ni nusu. Hata hivyo twaona pia sababu: wengi wakati ule walieleza muziki kwa hadithi za kubuni, wakisema sauti hii ni mapigo ya ajali, sauti ile ni machozi ya mapendo. Thayer alisafisha uwanja kwanza. Riemann ndiye aliyeongeza maelezo ya muziki, na kitabu kilipata mguu wake wa pili.

Na kwetu Katanga?

Sasa msomaji wa Lubumbashi ataka kutuuliza: habari hizi za Bonn na Vienna zatuhusu nini? Zatuhusu sana.

Mji wetu ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, Padri Anschaire Lamoral wa shirika la Mtakatifu Benedikto alianzisha mwaka 1937 kwaya ya Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Katika mji huo huo alifanya kazi Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 akafa mwaka 1961. Alisoma seminarini, akawa mpiga kinanda, mwalimu wa muziki na mtungaji. Alitunga Misa yenye sauti za nchi hii wakati ambapo wengi waliamini kwamba Kilatini na gregoriano tu vyastahili altare. Mwaka 1960 alitunga wimbo wa serikali ya Katanga iliyojitenga, akawa waziri wake wa elimu. Mtu wa namna hii alikuwa na rafiki na adui. Wako watakaomsifu kupita kiasi kwa ajili ya siasa, na wako watakaomnyamazisha kwa ajili ya siasa hiyo hiyo. Nani atamhukumu kwa karatasi? Waliomjua katika utu uzima wao wamekwisha kuondoka karibu wote. Waliokuwa watoto wa kwaya, kama wako hai, ni wazee sana leo.

Tutazame tena Missa Luba, iliyoimbwa Kamina na waalimu na watoto wa shule chini ya Padri Guido Haazen, ikatiwa katika santuri mwaka 1958, ikajulikana dunia nzima. Imejulikana kwa jina la Padri, naye kweli aliikusanya na kuipanga. Lakini sauti nyingi zilizaliwa katika vinywa vya waimbaji wenyewe wakiimba pamoja, kwa desturi ya Kiluba. Mkristu wa Katanga akiulizwa, aweza kutaja waimbaji wangapi? Hapa hatumshtaki Padri. Twasema kwamba hili ni shauri la haki, na shauri la haki lataka mtu mwenye moyo wa Thayer: aulize nani alianza sauti hii, nani aliongeza ile, nani aliandika nota, kila mmoja apewe lililo lake.

Afrika ya Mashariki imeona mfano mwema wa sheria na muziki kukaa nyumba moja. Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika, mtungaji mwenyewe, alitoa mwaka 1963 kitabu kilichopima muziki wa Kibantu kwa sheria za Kanisa. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturjia, ikitaka muziki wa mataifa ya misioni uheshimiwe na upewe nafasi yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire. Nyimbo nyingi zimetungwa tangu hapo. Mlango umefunguliwa, watungaji wameingia, lakini mlangoni hakuna aliyeandika majina.

Twajua jibu la wengine: mtunga wimbo wa Mungu hatafuti sifa, Mungu amjua, yatosha. Jibu hili ni zuri katika kinywa cha mtungaji mwenyewe. Katika kinywa chetu sisi tunaoimba kazi yake laweza kuwa uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu. Yeye anyenyekee, sisi tushukuru; na hatuwezi kumshukuru wala kumwombea mtu tusiyemjua. Tena pasipo karatasi, wenye nguvu huchukua. Leo wimbo wa mwalimu wa kijijini watiwa katika sahani na kwaya ya mjini, na jina linaloandikwa ni la aliyelipa fundi wa mitambo.

Basi twatoa mashauri machache, yasiyohitaji shahada ya Harvard. Kila kwaya iwe na daftari moja gumu, libaki parokiani hata mwalimu wa kwaya akihama. Wimbo mpya ukiletwa, iandikwe siku, jina la mtungaji, mahali na sikukuu ulipoimbwa mara ya kwanza. Kama sauti imetoka katika wimbo wa wazee, isemwe hivyo. Wimbo wa zamani usiojulikana mtungaji uandikwe kwamba haujulikani, wala asibandikwe mtu kwa kudhani. Vijana wenye elimu, na hasa wale wanaosoma sheria katika Chuo Kikuu chetu, waende kwa wazee wa kwaya na kuwauliza taratibu: Baba, uliona mwenyewe au uliambiwa? Mama, ilikuwa kabla ya Uhuru au baada yake? Ni nani mwingine aliyekuwapo? Wayaandike majibu jinsi yalivyo, hata yakipingana. Madaftari ya zamani yenye nota, yaliyoliwa na mchwa pembeni, yasichomwe siku ya kusafisha sakristia.

Thayer hakuacha mali wala shule yenye jina lake. Kazi hakuimaliza, na mahali pengine alikosea. Lakini kwa sababu yake, mtoto wa mlevi wa Bonn na jamaa zake wanyonge walipata kusemwa kwa haki mbele ya watu, bila kutukanwa na bila kupakwa rangi. Waimbaji na watungaji wetu wanastahili vivyo hivyo, na baadhi ya wanaowakumbuka wangali hai mwaka huu. Mungu awajalie wazee hao nguvu za kusema, nasi atujalie masikio ya kuwasikiliza kabla hawajaitwa kwake.